Mkwaruzo wa Arcade

Jumapili, 1 Desemba

Nimerudi kwangu Majengo, Mpanda mjini, nimelowa chapachapa. Bodaboda aliyenitoa Katumba kwa wazazi alijitahidi, ila amplifaya ya gitaa ya marehemu mdogo wangu niliyoipakata ni nzito kama gunia la mahindi mabichi, na kila shimo la barabara lilinikumbusha kwamba mbavu ninazo. Nilivua kanga ya mabegani nikaifunika yenyewe. Mimi nilowe, taa zake za ndani zisilowe.

Leo tumekaa kikao cha familia. Mama amesema kuganduka kutakuwa Mei, mvua zikiisha na watu wakiwa na chakula. Sisi wenye asili ya Burundi, msiba hauishi kwa kuzika. Unabaki umelala ndani ya nyumba mpaka siku ya kuganduka, ndugu wanapokusanyika, wakaomba, wakala, na mkubwa wa ukoo akasimama kusema basi, msiba umekwisha. Kabla ya hapo hakuna harusi na hakuna muziki nyumbani. Mdogo wangu Arcade tulimzika Mei iliyopita. Alianguka kutoka juu ya lori la mitumba ya tumbaku, akiwa amekalia mzigo na kuimba.

Mama ameweka sharti lake. "Siku hiyo nataka gitaa lilie kama alivyokuwa analiliza mwenyewe. Likilia vile, mimi mwenyewe nitatamka kwamba msiba umekwisha. Lisipolia vile, tamkeni nyie."

Baba mkubwa Silvester, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikohoa. Msiba ambao mama mzazi hajautamka si msiba uliokwisha, hilo kila mtu pale alilijua. Wote wakanigeukia mimi, Joséline, fundi redio wa familia. Amplifaya imekaa kimya tangu afe.

Saa ya taarifa ya habari ilipofika Baba aliinuka akawasha redio yake ya betri, akasikiliza habari za kwao kwa Kirundi, na nyimbo zilipoanza akazima. Tangu mazishi hajalitaja jina la mwanawe. Akilazimika anasema "yule".

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeifungua. Ina taa tatu za kioo, za kizamani, zile ambazo redio zilitumia kabla transista hazijaja. Moja inanyoosha umeme, ndogo inainua sauti ya gitaa, na kubwa inasukuma spika. Mbili za kwanza ni nzima. Kubwa bado ipo hai lakini imechoka. Nikifungua sauti mpaka nusu, bati lililo ndani yake linaanza kuwa jekundu.

Arcade alikuwa hafungui mpaka nusu. Alikuwa anafungua mpaka mwisho. Ile taa ilikuwa inalemewa, na ikilemewa ndipo noti ilipokwaruza na kupata sauti ya mtu aliyelia sana halafu akanyamaza. Watu walikuwa wanatoka mitaa ya pili kuja kanisani kwa ajili ya ule mkwaruzo, wengine hata sala hawajui. Nikiilazimisha leo kama alivyokuwa anailazimisha yeye, itakufa kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Nimepiga simu Dar kwa fundi mmoja. Akacheka. "Dada, hizo taa tunaziona kwa wazee wanaokusanya vitu vya zamani. Hawauzi hata uwape shamba."

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimefuta vumbi.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimepata njia. Mkwaruzo usitengenezwe na taa kubwa, utengenezwe na kitu kingine kabla sauti haijaifikia. Dayodi. Ni kidude kidogo kuliko punje ya mtama, kinapitisha umeme upande mmoja tu. Ukikifunga kwenye njia ya sauti kwa namna fulani, kinakata vilele vya mawimbi, na sauti iliyokatwa kilele ndiyo inayokwaruza. Hapo taa kubwa itabaki kufanya kazi nyepesi, kama mzee unayempokea mzigo lakini unamwacha atembee mwenyewe.

Kelvin amekuja. Ndiye anayepiga gitaa kwaya ya Katumba sasa, Arcade alimfundisha. Gitaa la marehemu liko kwake. Amekuja na kipedali cha Kichina cha kukwaruza sauti alichonunua mjini, tukakijaribu, kikalia kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Da Joséline, mbona hiki ndiyo wanatumia mastaa?"

"Basi wapelekee."

Lakini amenipa kitu cha maana. Kwenye simu yake ana wimbo aliomrekodi Arcade siku ya ubatizo mmoja. Tumeusikiliza. Nilidhani nitaweza. Sikuweza, nikatoka nje nikajifanya naangalia mifereji.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimefunga dayodi mbili, zikitazamana kinyume. Kelvin akapiga, mimi nikasikiliza simu kwa sikio moja na spika kwa sikio jingine. Ni mle mle. Nimejisifu peke yangu kama jogoo.

Jirani yangu Nyanzala, anayeuza mchele wa Majimoto kwenye kibanda kinachopakana na changu, amechungulia. "We Mrundi, huyo mgonjwa wako leo amepona? Maana mwezi mzima anakoroma."

"Amepona."

"Haya, na wewe tafuta mume sasa."

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi, Katumba. Afadhali ningekaa kwangu.

Baada ya ibada niliweka amplifaya uani, Kelvin akaunga gitaa. Nilitaka Mama afurahi sikukuu ikiwa sikukuu. Kelvin alipiga mistari michache tu. Baba akatoka ndani, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta, akachomoa waya.

"Hatujaganduka," alisema. Hakupaza sauti. "Kwenye nyumba hii yule bado amelala. Unampigiaje muziki?"

Alikuwa na haki. Mimi mtu mzima, mila naijua, na nilivyokuwa na hamu ya kusifiwa niliisahau. Kelvin alikunja waya bila kuinua uso.

Nilimfuata Mama jikoni nikamwomba msamaha. Alikuwa anamenya viazi. Akaniambia, "Mimi sijakasirika. Ila huyo uliyemleta siyo."

"Siyo nani, Mama?"

"Siyo Arcade. Huyo ni wa kwenye simu ya Kelvin."

Nimerudi Majengo na maneno hayo. Nimeyageuza njia nzima, na ni kweli tupu. Kinasa sauti cha simu kilizidiwa na kelele siku ile, kikakwaruza kila kitu, hata sauti ya mchungaji. Mimi nimekaa wiki nzima naunga mkwaruzo wa simu nikidhani ni wa mdogo wangu.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Umefunguka mwaka ambao Arcade hayumo.

Jumapili, 12 Januari

Nimemuuliza Mama vizuri, tukiwa tunapalilia maharage. Sauti yenyewe ilikuwaje?

Watu wengine nimewauliza pia. Kelvin anasema ilikuwa kali. Mzee wa kanisa anasema ilikuwa laini, kijana alikuwa na adabu. Mwanakwaya mmoja anasema ilikuwa na vumbi. Kila mmoja ana Arcade wake, na wote wanaapa.

Mama alisimama akaegemea jembe. "Mimi kanisani nilikuwa sikai wakati wa mazoezi. Nilikuwa jikoni. Akianza, inakuja sawasawa, kama maji. Halafu akibonyeza ile noti ya juu, mwanzo wake ni mkavu, mwisho wake unalainika. Hapo ndipo nilikuwa natia maji ya ugali, maana najua wamemaliza, anakuja na njaa."

Akaendelea kupalilia. Mimi nikabaki na jembe mkononi. Mkavu mwanzo, laini mwisho. Dayodi zangu mbili zinakata mwanzo mpaka mwisho, juu na chini. Hazijui kulainika.

Jumatatu, 20 Januari

Nimetoa dayodi moja. Ikibaki moja inakata upande mmoja tu wa wimbi, mwingine unapita salama. Imesogea, lakini bado ngumu. Hizi dayodi za siku hizi ni za silikoni, zinasubiri sauti iwe kubwa ndipo zinaamka kwa ghafla, kama mlinzi aliyekuwa amelala. Zile za zamani za jerimaniamu zinaamka polepole. Zilikuwa kwenye redio za zamani. Nazitafuta.

Jumamosi, 25 Januari

Soko lote, mafundi wote, chuma chakavu chote. Hakuna. Mvua imenikuta kwenye kila kona.

Alhamisi, 30 Januari

Dayodi nilizoagiza zimefika kwa basi kutoka Dar. Zina kioo kizuri, nikafurahi mpaka nikamnunulia Nyanzala soda. Nikapima. Silikoni. Soda imeshanywewa.

Jumatano, 5 Februari

Mfugaji mmoja wa Majimoto anaitwa Malale ameniletea redio ya baba yake ili niitengeneze. Nikaifungua, panya wamekula kila kitu kinacholika. Nikamwambia hii haifufuki. Akasema basi baki nayo, mimi nabeba mbolea sina nafasi kwenye pikipiki.

Ndani yake panya wamebakiza dayodi moja, kioo chake cheusi kidogo upande mmoja. Nimepima. Jerimaniamu. Nimeiweka kwenye kiberiti na kiberiti nimekiweka chini ya Biblia.

Jumamosi, 15 Februari

Mama amekuja mjini. Nyumbani kwake muziki ni mwiko, kwangu hapana. Nyanzala alitupa jiko lake la nyuma, Mama akakaa humo na ungo wa mchele, akaanza kuchambua mawe. Mimi na Kelvin tukabaki kibandani mbele, ukuta katikati. Hatukumwambia tunaanza lini.

Kelvin alianza taratibu, wimbo wa mazoezi. Alipofika ile noti ya juu akaibonyeza. Ilitoka kavu. Halafu ikalainika, ikashuka, ikaisha yenyewe.

Nilitoka mbio nikazunguka nyuma. Mikono ya Mama ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Ni we," Mama alisema. Kwa Kirundi maana yake ni yeye. "Ni we. Joséline, ulimtoa wapi?"

Nilimwambia nimemtoa kwenye redio ya Malale, akacheka, na tangu Mei sijamsikia akicheka. Kisha akaendelea kuchambua mchele wa watu mpaka ukaisha wote.

Nimefurahi leo. Naandika hivyo kwa sababu najua nitatamani kusoma.

Jumatatu, 24 Februari

Mahindi yamebeba. Kelvin anafanya mazoezi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiua.

Kiungo kilikuwa salama, nilikifunga kwa haraka tu siku ile na kilikuwa na donge baya la risasi. Leo nikasema nikipendezeshe, siku ya kuganduka nisije nikaaibika mtu akichungulia. Hakuna mtu angechungulia. Nikaweka pasi ya kulehemu, risasi haikuyeyuka vizuri, nikaikandamiza zaidi. Jerimaniamu haipendi moto. Kila fundi anajua kwamba unashika mguu wake wa waya kwa koleo ili koleo libebe joto. Koleo lilikuwa mezani, pembeni ya mkono wangu.

Nilipopima ilikuwa inapitisha pande zote mbili. Mlango umebaki wazi. Nimeipima tena na tena, na hivyo vipimo havikuwa vya kujua, vilikuwa vya kuomba.

Nyanzala ameniletea uji. Hakutania.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda Katumba kumwambia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi ameondoka mara ya pili." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 16 Machi

Mama anataka kuahirisha kuganduka. Baba mkubwa Silvester amekuja juu: ndugu wa Mishamo wameshaambiwa, mabinti wawili wa ukoo wamechumbiwa na wanasubiri, nyumba haiwezi kukaa na maiti isiyoonekana mwaka wa pili. Mama akasema sawa, fanyeni, mimi nitakaa ndani.

Naona kwamba sharti lake si ukaidi, ingawa mwanzo niliona hivyo na nilimlaumu moyoni. Hakumwona Arcade alipokufa. Walimleta amefungwa, akaambiwa asifungue. Kitu alichokuwa nacho cha kumuagia mwanawe ni ile sauti, na mimi nimempa nikamnyang'anya.

Jumatano, 19 Machi

Kuna redio moja ya zamani ambayo sikuihesabu nilipokuwa natafuta. Ya Baba.

Ndiyo redio ya kwanza niliyowahi kuifungua, nikiwa darasa la sita. Najua dayodi yake ilipo, pembeni ya koili ya waya, kioo kina mstari mweupe. Jioni tulikuwa tunakaa wote uani, na Arcade mdogo alikuwa analala kifudifudi karibu kabisa na spika, kidole kwenye kitufe. Kila jioni, habari zikianza, Baba alikuwa anasema vilevile: "Arcade, ongeza kidogo." Habari zikiisha alikuwa anaachwa asikilize nyimbo mpaka betri zilie. Gitaa lote alilolijua alilitoa mle ndani. Kila noti ilipita kwenye kile kioo kabla ya kumfikia.

Siwezi kuiomba. Mzee amebaki na hiyo tu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi, Mpanda nzima imekuwa tope. Nilikuwa nimeinamia feni ya mteja nikasikia mtu anakung'uta viatu mlangoni. Baba. Nimekuwa na kibanda hiki miaka mingi na hajawahi kukanyaga. Alikuwa amelowa, lakini mfuko wa plastiki aliokuwa ameukumbatia ulikuwa mkavu.

"Karibu Baba. Nyumbani kwema?"

"Kwema." Alikaa, akautoa mfuko kifuani, akaweka redio mezani. "Mama yako anasema kile kidude kilichoungua kilikuwa cha redio ya zamani."

"Ndiyo Baba."

"Hii ni ya zamani."

Nilishindwa kuigusa. "Nikikitoa haitasema tena."

"Najua. Ulinieleza wewe mwenyewe, siku ile ulipoifungua nikatafuta fimbo."

"Sasa habari utasikiliza wapi?"

Alitazama mvua kwanza. "Habari za kule nimezisikiliza tangu sina mvi hata moja. Hawajawahi kusema nyumbani kwangu kuna nini." Halafu akasema, "Mama yako halii, Joséline. Mwaka mzima. Mwanamke aliyezaa hawezi kukaa hivyo. Toa."

Safari hii sikufanya ujanja. Nilimpa koleo. "Baba, shika mguu huu hapa, usiachie mpaka nikwambie." Akashika. Niligusa kwa pasi mara moja, ikatoka. Tukahamia kwenye amplifaya, akashika tena, nikaunga. Kiungo kina donge baya kuliko la kwanza. Litabaki hivyohivyo.

Nilipima, nzima. Nikamwambia Kelvin yupo jirani, nimwite apige asikie. Baba alikuwa ameshainuka. "Yule nitamsikia siku yake," alisema. Akairudisha redio kwenye mfuko, akaifunga fundo, akatoka nayo.

Nililia mpaka nikaona aibu mbele ya feni ya watu.

Jumapili, 6 Aprili

Kelvin amepiga. Haifanani na ya Malale. Hii inalainika mapema zaidi. Ni yenyewe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imepungua. Sijaigusa amplifaya hata kwa kitambaa.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua siku nzima. Nyanzala anasema mvua imeaga.

Jumapili, 11 Mei

Jana tumeganduka. Naandika leo kwa sababu jana sikuwa na mkono.

Ndugu walikuja kutoka Mishamo na kwingine, wengine nilikuwa sijawaona tangu nikiwa na meno ya utoto. Nyanzala alikuja na mchele wake wote na sauti yake yote. Mchungaji akaomba. Watu wakala. Baba mkubwa Silvester akamsema Arcade vizuri, hata visivyokuwa vya kweli, kwamba alikuwa anaamka mapema. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

Mama hakukaa na watu. Alikuwa jikoni, amegeuza mgongo. Hakuna aliyemwita.

Kelvin alikaa kwenye kiti cha Arcade. Niliwasha, nikasubiri taa zipate moto. Taa kubwa ilikuwa na rangi ya chungwa, tulivu, haikuwa nyekundu. Nilimpa ishara. Alianza kama Arcade alivyokuwa anaanza, sawasawa, bila haraka, na kuku wakaendelea kudonoa. Akapanda. Akaifikia ile noti ya juu akaibonyeza na kuishikilia.

Nilijiandaa kumwangalia Mama, lakini nilijikuta nimefumba macho. Kwa muda wa ile noti mdogo wangu alikuwepo. Sijui kuandika namna nyingine. Alikuwepo, ana njaa, ameshamaliza mazoezi.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga umemganda mpaka kwenye kiwiko. Alisimama katikati ya uwanja. Nilitazama ndani nyuma yake: sufuria ilikuwa inachemka, alikuwa ametia maji ya ugali. Watu walikuwa wameshakula.

"Ni we," alisema. Akavuta pumzi. "Ni Arcade. Amekufa. Msiba umekwisha."

Kisha akakaa chini palepale na kulia. Alilia kilio cha mwaka mzima, na shangazi zetu walipotaka kumnyanyua Baba akawazuia kwa mkono. Kelvin aliendelea kupiga huku machozi yanamdondokea kwenye nyuzi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye hakulia, na jina hakulitaja.

Jumatano, 14 Mei

Amplifaya nimerudi nayo kibandani. Mchana nikiwa sina mteja naunga gitaa la mazoezi nililoazima kwa Kelvin na kupiga ile noti moja. Kupiga sijui. Hiyo moja naijua.

Jumapili, 18 Mei

Mama amepiga simu. Sauti yake imekuwa nyepesi, ameanza hata kusengenya watu wa kwaya. Kisha akashusha sauti.

"Baba yako kila jioni anaiwasha ile redio."

"Mama, ile haisemi."

"Haisemi. Anaivuta karibu, anakaa nayo mpaka habari ziishe, halafu anaizima. Nimemwambia kijana anayetuchungia auze mbuzi tununue nyingine, amekataa. Mrudishie kidude chake."

Nikasema nina mteja. Akajua nakwepa.

"Joséline. Mimi nimemsikia, nimemlilia, nimeganduka. Mtu aliyeganduka hashiki tena. Mzee wangu anakaa na redio bubu kwa ajili yangu, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Mrudishie mwanangu."

Nilimwambia sawa. Nilikata simu nikakaa. Wote wale pale uwanjani walisimama wakakung'uta nguo wakaenda makwao, na mimi ndiye sijaganduka. Msimu mzima wa mvua nimekuwa na kazi na Arcade. Nikimaliza hii, sina tena kazi naye.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeipiga ile noti mara ya mwisho. Nyanzala alikuwa nyuma anapika, nikamsikia anafunika sufuria ili asikie. Halafu nikaizima, nikaacha taa zipoe, nikaita bodaboda.

Nilifika Katumba jioni inaanza. Hakuna tope tena, vumbi limeshaanza. Baba alikuwa uani na redio yake pembeni, Mama kwenye mkeka anapukuchua karanga. Nilipofungua amplifaya Baba akaniangalia. "Nani kakwambia?"

"Mimi," Mama akasema, bila kuinua macho kwenye karanga.

Baba alitaka kubisha. Mama akamwambia, "Baba Joséline, shika koleo." Akashika.

Nikagusa kwa pasi. Donge langu baya likayeyuka na dayodi ikatoka kwenye amplifaya, nyepesi mkononi hata huisikii. Nikaiunga kwenye redio, pembeni ya koili, pale ilipokuwa tangu zamani. Baba hakuachia mguu mpaka nilipomwambia. Nikafunga mfuniko, nikatia betri, nikaisogeza karibu naye.

Akazungusha kitufe mwenyewe, polepole. Mkwaruzo ukapita, filimbi ikapita, halafu mtu akaanza kusoma habari kwa Kirundi, mbali, sauti yake imefifia. Baba alifumba macho akaegemea ukuta, kama alivyokuwa anakaa miaka yote.

"Arcade," akasema, "ongeza kidogo."

Karanga za Mama zikanyamaza. Baba hakufumbua macho.

Nilinyoosha mkono nikaongeza.